Bao, drafti, dhumna au mkeka: uchague mchezo gani?

Anayeniuliza mchezo gani umjazie jioni zake, kwanza namuuliza kama angeucheza bure. Drafti watu huicheza bure kuanzia alasiri mpaka giza linapofunika ubao, na aliyefungwa ndiye wa kwanza kupanga kete upya. Dubwi, ile mashine ya sarafu iliyojaa kwenye vibanda vya mitaani, hakuna mtu mzima ambaye angeisimamia hata dakika tano kama isingekuwa inameza pesa na kutema mara mojamoja. Kwangu mimi mpaka kati ya michezo ya ubao na kamari unapita hapo. Watu wengi huuweka kwingine: huu ni wa akili, ule ni wa bahati. Lakini bahati imo hata kwenye ludo ya watoto, na anayebeti mpira kwa makini anatumia akili kweli, anafuatilia majeruhi, ratiba na hata hali ya hewa.

Niseme mapema kwamba mimi ni mpenzi wa michezo tu, si shehe wala mchungaji. Kwa Mwislamu suala la kamari limeshaamuliwa na aya ya 90 ya Sura ya Al-Maida, na anayeifuata hahitaji hesabu zangu. Hapa nailinganisha michezo kama michezo: inakupa nini, inakugharimu nini, na itakuchukua muda gani kabla hujaichoka.

Bao na drafti: hakuna kilichofichwa

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32. Mnapoanza, kete kumi tu ndizo ziko chini kwa kila upande: sita kwenye nyumba, lile shimo la mraba, na mbilimbili kwenye mashimo mawili yanayofuata. Zilizobaki 22 unazo mkononi, unanamua, yaani unaziingiza ubaoni, mojamoja. Zikiisha mkononi mnaingia mtaji, hatua ya pili ya mchezo, na hapo ndipo bao linapoonyesha makucha. Kete zinaweza kula, zikaanza tena kichwani au kwenye kimbi, yale mashimo ya pembeni mwa safu ya mbele, zikala tena, zikazunguka mpaka mgeni aliyesimama pembeni asielewe ni nani aliyecheza. Fundi alishaziona zitakapolala kabla hajagusa shimo. Mtafiti Mholanzi Alexander de Voogt aliandika tasnifu nzima mwaka 1995 kuhusu mafundi wa bao wa Zanzibar, akitaka kujua vichwa vyao vinafika wapi katika kuhesabu. Mwalimu Nyerere naye alikuwa mpenzi wa mchezo huu.

Utamu wa bao una bei yake, na bei hiyo ni muda. Kanuni ni nyingi: lini unaruhusiwa kutakata, yaani kusogeza kete bila kula, lini nyumba inasafiri na lini inalala, upande gani unaweza kupeleka kete. Mtu mzima anayeanza leo atafungwa kwa muda mrefu sana, na kwa kuwa hakuna dadu, hatakuwa na wa kumlaumu. Wengine hukata tamaa hapo. Kama huna mzee au rafiki mwenye subira ya kukuelekeza, bao utalinunua likawa pambo la sebuleni. Wenye watoto waanze na bao la kujifunza, lenye kanuni chache, kisha wapande polepole.

Drafti haina masharti hayo. Ubao unachorwa kwenye kipande cha boksi, kete ni vizibo vya soda, upande mmoja umevilaza chali na mwingine kifudifudi. Kanuni zinaelezeka mtu akiwa anasubiri chai ipoe. Ila ukienda kijiwe kigeni, uliza kwanza kingi anatembea vipi na kama kete ya kawaida inaruhusiwa kula kinyumenyume, maana kila mtaa una sheria zake na kila mtaa unaamini zake ndizo za dunia. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba kompyuta imeimaliza drafti ya miraba 64 kwa kanuni za Kiingereza: wachezaji wawili wasiokosea hata mara moja watatoka sare. Habari hiyo haijamsumbua mtu yeyote kijiweni, kwa sababu hakuna asiyekosea.

Kati ya mbili hizi, anayetaka kucheza leo achukue drafti. Anayetafuta mchezo wa kuzeeka nao, na ana mtu wa kumfundisha, achukue bao. Sataranji inakaa karibu na bao kwa ugumu, ila ina faida moja kubwa: vitabu, masomo na wapinzani wa kila kiwango wako kwenye simu yako usiku na mchana, wakati fundi wa bao lazima umfuate alipo.

Dadu, karata na dhumna

Ludo ndiyo dawa ya anayeona bao ni adhabu. Bahati inatawala, kwa hiyo mtoto wa miaka sita anaweza kumfunga babu yake kihalali, na hilo si jambo dogo kwenye nyumba yenye watu wa rika zote. Shida yake ni kungoja sita. Ukirusha dadu moja mara kumi, kuna takriban asilimia 16 ya kutoiona sita hata mara moja, maana yake katika kila watu sita, mmoja hivi ataendelea kukaa nyumbani akiwatazama wenzake wakizunguka. Wengi hulegeza kanuni wakamruhusu mtu atoke na moja pia. Fanyeni hivyo, mchezo unachangamka.

Nikilazimishwa kubaki na mchezo mmoja maisha yangu yote, nitabaki na dhumna. Vipande ni 28. Mkiwa wanne, wawili kwa wawili, kila mtu anashika saba na hakuna kinachobaki mezani. Bahati inakugawia mkono, kisha inanyamaza. Kuanzia hapo ni kusoma. Jirani akipita kwenye tano na mbili, ameshakuambia hana tano wala mbili, na wewe una wajibu wa kukumbuka. Mwenzako naye anakuambia mambo kwa kipande anachotangulia kukiweka. Mkono mbaya unaweza kuokolewa na kichwa kizuri, na mkono mzuri unaweza kuchezwa kipumbavu, halafu kila mtu barazani atakueleza kwa sauti ni wapi ulipopoteza. Mchanganyiko huo wa bahati kidogo na akili nyingi unamfanya anayeanza ashinde mara mojamoja, hivyo arudi kesho, na bado unamheshimu anayejua.

Karata zenye turufu zinafanana na dhumna kwa hili, na ni rahisi zaidi kubeba. Keram ni kitu kingine kabisa: kete tisa nyeupe, tisa nyeusi, nyekundu moja, na kila kitu kiko kwenye vidole. Hasara yake ni ubao mkubwa unaotaka nafasi yake, unga wa kutelezesha, na sakafu iliyonyooka. Wanaopenda michezo ya dukani ya kununua nyumba na viwanja wataipata Monopoly, lakini jihadharini, mchezo unaweza kufika usiku wa manane huku watu wawili walishafilisika saa mbili zilizopita na hawana la kufanya. Chimbuko lake ni mchezo ambao Mmarekani Elizabeth Magie alipata hataza yake mwaka 1904, akikusudia kuonyesha jinsi wenye ardhi wanavyowanyonya wapangaji. Wachezaji wakaupenda unyonyaji wenyewe.

Mkeka, kindege na jackpoti

Tugeukie upande wa pili, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapodanganywa na hesabu.

Chukua mechi moja. Kampuni inakupa 2.10 kwa mwenyeji kushinda, 3.20 kwa sare, 3.30 kwa mgeni. Odi ni namba ya kuzidisha dau lako, lakini ndani yake umefichwa uwezekano. Gawa 100 kwa kila namba: 47.6, kisha 31.3, kisha 30.3. Jumla ni 109.2. Mechi ina matokeo matatu tu, na uwezekano wake wote kwa pamoja hauwezi kuzidi 100. Ile tisa na ushee iliyozidi ndiyo sehemu ya mwenye duka. Kwa lugha nyingine, kwa kila shilingi 100 zinazowekwa, kwa wastani zinarudi kama 91.6.

Asilimia nane kwa burudani ya dakika 90 si ghali sana. Tatizo ni kwamba karibu hakuna anayebeti mechi moja. Watu wanasuka mkeka, yaani tiketi moja ya mechi kadhaa ambazo lazima zote zitiki, na kila mechi unayoiongeza inazidisha ile hasara. Mkeka wa mechi tano kwa odi za namna hiyo unarudisha wastani wa 64 na nusu katika kila 100. Mkeka wa mechi kumi, kama 41.6. Odi ya jumla inapanda mpaka macho yanametameta, huku thamani halisi ya tiketi inashuka. Halafu inakuja ile hali ambayo kila mbetiji anaijua, mechi tisa zimetiki na moja imechana mkeka dakika ya mwisho. Mtu anaondoka akiamini alikaribia, na kesho anaongeza dau. Ukifungwa drafti kwa kete moja, unaweza kurudisha kete nyuma ukaona kosa lako liko wapi. Goli la dakika ya 90 halikufundishi kitu cha kutumia wiki ijayo.

Jackpoti ndiyo ncha ya mwisho ya mkeka. Mechi 13 zina mipangilio 1,594,323 ya matokeo, mechi 17 zina 129,140,163. Utasema wewe hubahatishi, unajua mpira. Haya, tuseme unajua kiasi cha kupatia nusu ya mechi zote, jambo ambalo si haba. Nafasi yako ya kuzipata zote 17 bado ni moja kati ya 131,072.

Kindege, yaani Aviator ya kampuni ya Spribe, ambamo namba ya kuzidisha dau inapanda na wewe ushuke kabla hakijatokomea, kinaonekana mpole kuliko vyote. Watengenezaji wenyewe wanaeleza kwamba kwa wastani kinarudisha asilimia 97. Ukilinganisha na mkeka wa mechi tano utadhani umepata nafuu. Angalia kasi. Mkeka unausubiri siku nzima. Kindege kinapaa na kutokomea ndani ya sekunde chache, na kingine kipo tayari. Tuseme unaweka shilingi 500 kwa raundi, raundi 100 kwa saa, wala si nyingi. Umezungusha 50,000, na asilimia tatu yake ni 1,500. Mkeka wa 1,000 kwa siku unakugharimu wastani wa 355. Kindege kwa nusu ya dau kimekula mara nne zaidi, na ndani ya saa moja tu. Wala hakuna ujanja wa kushuka mapema au kuchelewa: ukiamua kila mara kushuka kwenye mbili, utafaulu takriban mara 48 au 49 katika kila 100, na hesabu inarudi palepale kwenye 97. Hata ruleti ya kasino yenye sifuri moja, namba 37 na malipo ya 35 kwa moja, inabakiza asilimia 2.7 tu, lakini angalau pale gurudumu linahitaji muda kusimama na wewe unahitaji kuvaa viatu kwenda.

Kwa hiyo ukilinganisha kamari na kamari, usitazame asilimia peke yake. Tazama ni mara ngapi kwa saa unaulizwa "tena?".

Pesa ikiwekwa juu ya drafti

Wapo wanaosema basi tuwekeane dau kwenye michezo ya akili, maana hapo hakuna mwenye duka anayekata chake. Ni kweli pesa inabaki kijiweni. Lakini hesabu yake ni mbaya kuliko watu wanavyodhani. Ukikaa na fundi anayekufunga mara tisa katika kumi, mkiwekeana 1,000 kila mchezo, baada ya michezo kumi umetoa 9,000 na kupata 1,000. Umepoteza 8,000 kati ya 10,000 ulizoziweka. Ruleti ingekula wastani wa 270. Mchezo wa akili ukiwekewa pesa kati ya watu wasiolingana ni mkali kuliko kasino yoyote, na watu wanaolingana kabisa ni wachache.

Kuna jambo jingine linaloniudhi zaidi ya pesa yenyewe. Fundi akishaona noti, anaacha kucheza vizuri. Anakuachia michezo miwili ya mwanzo ili usikimbie, anajifanya hakuona kula, anasifia mkono wako. Kwenye meza za pool tumeliona hili kila mtaa. Ule uzuri wa kukaa mbele ya mtu anayejua kuliko wewe, akakufundisha kwa kukufunga, unapotea. Ndiyo maana wachezaji wa zamani ninaowaheshimu hawaendi mbali zaidi ya soda, na soda yenyewe inanunuliwa mwisho wa jioni, si kwa kila mchezo.

Mkishindwa kujizuia, basi angalau kubalianeni kabla ya kuanza mchezo ukikatishwa mtafanyaje. Swali hili lina historia tukufu. Mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua kuhusu dau la mchezo ulioachwa njiani, na barua zile ni kati ya misingi ya hisabati ya uwezekano. Tuseme mmeweka 5,000 kila mmoja, wa kwanza kushinda mara tatu anachukua zote, mmoja ameshinda mbili na mwingine moja, mvua inaanza. Vijiweni watagawana nusu kwa nusu au watagombana. Jibu la Wafaransa hawa, kwa watu wanaolingana uwezo: aliyetangulia anashindwa tu ikiwa atafungwa mara mbili mfululizo, nafasi moja kati ya nne, kwa hiyo achukue 7,500.

Kuchagua kwa kile unachokipenda

Watu hawabeti kwa sababu hawajui hesabu. Kila mchezo wa pesa unagusa kitu fulani, na ushauri wangu ni utambue kwako ni kipi, kisha utafute ubao unaogusa hapohapo.

Anayependa kubeti kwa sababu anapenda kujua mpira kuliko wenzake, ajiunge na mchezo rasmi wa fantasy wa Ligi Kuu ya Uingereza, ule wa kuunda timu yako ya kubuni kwa wachezaji halisi. Ni bure, unadumu msimu mzima, na utamwonyesha kwa miezi kumi mfululizo kama kweli anajua. Mkeka unaweza kumficha asiyejua kwa bahati ya wikiendi moja. Jedwali la msimu halimfichi mtu.

Anayependa ule moyo kudunda kabla dadu haijatulia, aende kwenye ludo yenye watu wanne wenye kelele, au ajifunze nardi, ile ya vipande 15 kila upande na dadu mbili, ambayo bahati na akili zinagombana ndani yake kila mrusho. Angalizo tu kwa Waislamu, wanazuoni wengi wanaipinga nardi hata bila dau, kwa hiyo muulize unayemwamini. Mwenye kupenda kusoma sura za watu, dhumna na karata zitamtosha. Mwenye mikono isiyotulia, keram. Aliyechoka na watu kabisa na anataka kupambana na kitu kigumu kimyakimya, sataranji kwenye simu, lakini azime michezo ya dakika moja moja, kwa sababu ile nayo ina "tena?" nyingi kama kindege.

Kwa watoto sina la kulinganisha. Sheria ya Tanzania inataka mtu awe ametimiza miaka 18 kabla ya kucheza michezo ya kubahatisha, na hiyo ni pamoja na lile dubwi lililowekwa jirani na duka la peremende.

Na kwa yule ambaye amesoma mpaka hapa na bado anataka mkeka wake wa Jumamosi, sitamkimbiza. Ausuke mfupi, mechi moja au mbili, kwenye mechi atakayoitazama mwenyewe. Dau liwe lile ambalo angelitumia kununua kiingilio cha uwanjani. Akishinda aitoe pesa kwenye akaunti ya kubeti siku hiyohiyo, na programu ya kindege asiiweke kwenye simu hata kwa kuijaribu.